Pua ya Mwantumu na Mji Alioutoa

Usingizi wa mchana una vituko vyake, lakini huu wa kwenye kiti cha daktari, jamani, huu ndio mama yao. Mwantumu amelala chali, kiti kimelazwa nyuma mpaka anaiona feni ya darini, na pua yake yote imepakwa dawa nyeupe ya ganzi. Pua inakufa taratibu. Kwanza inawasha, kisha inakuwa baridi, kisha kama haipo. Dakta Mchomvu, mwenye kliniki, ameshanawa mikono, na anasema polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: Dada Mwantumu, narudia kukwambia kwa mara ya mwisho. Sindano itajaza hapo palipobonyea, utatoka hapa leo hii na pua imenyooka, lakini baada ya mwaka hivi inayeyuka na utarudi tena. Na tundu la kushoto litabaki limeziba vilevile, sindano haifungui njia ya hewa. Kisu kinafungua na kinanyoosha, ila kitakulaza, utavimba, na pua utakayoamka nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Ganzi bado haijakolea. Fikiri, nikirudi uniambie. Anatoka, anaurudisha mlango. Afikiri nini tena? Mwantumu ameshafikiri mpaka kichwa kimechoka. Yeye ni mpambaji wa maharusi kule Muheza, na hakuna harusi ya maana inayopita bila mkono wake. Pua pana anaipunguza kwa poda, mstari wa kahawia huku, mstari wa kahawia kule, nyeupe kidogo katikati, na bibi harusi anajitazama kwenye kioo na kulia kwa furaha. Ya kwake mwenyewe, iliyopinda tangu alipodondoka kwenye bembea ya Idi akiwa darasa la pili, anaichora kila asubuhi na kuifuta kila jioni, na amechoka. Amechoka kuwageuzia wapiga picha upande mmoja. Sindano anaitaka kwa sababu ni jambo dogo. Kisu anakiogopa, na si kwa maumivu, anakiogopa kwa ajili ya mama yake, Bi Mize. Bi Mize presha ya macho imempofusha, na tangu hapo kila asubuhi anamwita mwanawe kitandani kwake, ananyoosha mkono, anampapasa kuanzia kipaji cha uso, anashuka, anafika puani, hapo anatulia, kisha anasema: ndiye. Pua hiyo ndiyo aliyoikanda kwa kidole gumba na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mtoto kalazwa juu ya miguu iliyonyooshwa, asubuhi na jioni mpaka arubaini ikaisha, maana kwao pua ya mtoto haiachwi ijiotee inavyotaka. Hii nimeifinyanga mimi, husema Bi Mize mbele ya wageni, na kidevu juu. Sasa mkono ule ukiikuta pua ya Dakta Mchomvu, utasema ndiye? Hilo ndilo analoliogopa Mwantumu. Sindano kidogo tu, anajiambia, mkono hautajua. Feni inazunguka, inazunguka, na macho yanakuwa mazito.

Na mara kioo cha ukutani kimekuwa mlango, na yeye ameshapita, na hashangai, maana ndotoni mtu hashangai mpaka aamke. Ng'ambo kuna barabara ya poda ya kahawia, laini, nyayo zinazama na poda inazifukia, na kila anapogeuka nyuma hakuna alikotoka. Anatembea, barabara inapinda kushoto, anatembea, inapinda kushoto tena, anakipita kichaka kilekile, anakipita tena, mpaka inabidi akisalimie. Kando ya kichaka amesimama mtu mrefu wa kanzu, na mtu huyo hana uso. Si kwamba umeumia, la, haupo kabisa, pameteleza kama yai lililomenywa. Mwantumu anajikuta anamtazama kama anavyomtazama bibi harusi, anapima pa kuanzia. Shikamoo, anasema, kwani adabu ni adabu hata kwa asiye na uso. Marahaba, anajibu yule mtu, na sauti inatoka sijui wapi, mimi ndiye kiongozi wako, nifuate. Tunakwenda wapi? Tunakwenda unakotoka. Kuna njia ngapi za kwenda? Njia ni moja, ila ina miguu miwili. Ah, huyu naye! Mwantumu anasonya kimoyomoyo na kumfuata, atafanyaje. Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo kuna Mwantumu, huyu ana pua kama upanga, huyu pua ya kitumbua, huyu pua ambayo hajaiona kwa mtu yeyote duniani. Huu ni mji wa sindano, anasema kiongozi. Watu wanapita wamependeza, pua zimesimama, wanacheka. Mwanamke mmoja anamshika bega na kumwambia karibu, dada, hapa hakuna anayelazwa, na hapa hata ukikosea hujakosea, kila kitu kinafutika. Mwantumu anaupenda mji huo, kweli anaupenda, anajiona kama ameingia ndani ya sanduku lake la vipodozi. Lakini jua likianza kushuka, pua nazo zinashuka, zinanywea kama maandazi yaliyotoka mafutani, na watu wanakwenda kupanga foleni kisimani kujazwa upya, bila kinyongo, wanapiga soga. Wewe umejazwa mara ngapi, Mwantumu anamuuliza yule mwanamke. Nani anakumbuka, mwanamke anajibu, na anavuta hewa, na Mwantumu anaisikia hewa ile ikipiga filimbi. Foleni nzima inapiga filimbi. Filimbi hiyo anaijua, ndiyo yake ya kila akilala.

Twende, anasema kiongozi, na barabara inapinda kushoto, na mji wa pili nao ni wa vioo, ila vyote vimefunikwa shuka nyeupe. Huu ni wa kisu. Watu wamelala barazani, nyuso zimefungwa bandeji, macho yamevimba yameiva kama zambarau, wanangoja. Mmoja anafunguliwa. Anajigusa, anavuta hewa, na hewa inaingia kimya, inaingia mpaka tumboni, na yule mtu anaanza kulia, na Mwantumu naye yanamtoka machozi bila kujua kwa nini. Ee Mungu, anasema, kumbe hewa ni tamu hivi. Kisha yule mtu anafunua shuka, anajitazama kiooni, anamgeukia jirani yake na kuuliza: huyu ni nani? Hapo moyo wa Mwantumu unaruka. Anauona mkono wa Bi Mize ukitulia puani na kukosa la kusema. Nitoe hapa, anamwambia kiongozi, nirudishe kwetu, mimi siwezi kuchagua. Kukutoa si kazi, anasema kiongozi. Kitendawili! Tega, anajibu Mwantumu, maana mtu wa kwetu akiambiwa kitendawili hujibu tega hata akiwa anazama. Nyumba ina milango miwili, mmoja haufunguki, mwenye nyumba analala, jirani ndiye anayekesha. Mwantumu anafikiri. Jicho? Siyo. Sikio? Siyo. Msikiti? Msikiti una milango mingapi, wewe! Nimeshindwa, anasema. Basi nipe mji. Na hapa, ndugu zangu, ndipo anapofanya kosa ambalo yeye na wenzake wote walikuwa wakilifanya utotoni. Watoto wa kwingine wakishindwa kitendawili hutoa miji ya wenzao, chukua Unguja, chukua Mombasa, kajitanue huko. Yeye na wenzake, uvivu wa kufikiri, walikuwa wakitoa mji wao wenyewe, kwa sababu mchezo ukiisha mji ulikuwa pale pale na mama alikuwa pale pale anawaita wakale. Nakupa Muheza, anasema Mwantumu, upesi, hata hajameza mate.

Kiongozi anainama kwa shukrani. Nimekwenda Muheza, anasema, kama mchezo unavyotaka, nimekuta machungwa nimekula, nimekuta wenyewe nimewahamisha. Na kweli barabarani watu wanatokea, mji mzima, wamebeba magodoro, masufuria na kuku, na kadiri wanavyokaribia ndivyo nyuso zinavyofutika, nyusi kwanza, kisha macho, kisha pua, kisha hakuna. Maharusi wake wamo, anawatambua kwa hina za mikono tu. Mama! anaita Mwantumu. Mama yangu yumo humo! Rudisha, nilikuwa natania, sikujua! Kiongozi anasema mji ukishatolewa hauna utani. Mwantumu anakimbia katikati ya watu, anawashika mabega, anawageuza mmoja mmoja, yai, yai, yai tupu. Miaka yote hii anatengeneza sura za watu, na leo anaitafuta moja tu na haipo. Anajigusa usoni, na pale ilipopakwa dawa pua haipo, pameteleza. Basi na yeye hata mama akimpata hatamjua. Anakaa chini kwenye poda na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Nilitaka kidogo tu, anasema, nilitaka kidogo tu.

Mkono unashuka kwenye kipaji chake. Mkono mkavu, mwepesi. Unapapasa nyusi, unashuka, unafika mahali ambapo pua haipo wala hausiti, unapapita, unatulia chini yake, juu ya mdomo, kiganja kimegeuzwa ndani. Unangoja. Kisha sauti inasema: ndiye. Mama! anasema Mwantumu, umenijuaje, mimi pua sina! Anayemjibu hana mdomo, lakini ni Bi Mize yule yule na ukali wake. Pua, pua, lini nimekutafuta kwa pua? Kwani nachagua nazi sokoni? Wewe nakujua kwa unavyovua viatu mlangoni. Sasa kila asubuhi unanipapasa nini? Hewa, anasema Bi Mize. Nashika kama hewa inatoka. Siku ile ya bembea nilikubeba mpaka nyumbani, gauni la Idi limelowa damu, ukalala mdomo wazi unapiga filimbi, nikakuwekea kiganja hapa, nikasema ikikatika nitajua. Nikasema kesho nitalala. Mwanangu, kesho hiyo haijafika. Na hiyo pua niliyoifinyanga ni maringo yangu tu mbele ya watu, pua yako ni ya baba yako mtupu, mafuta ya nazi haikuyasikia hata siku moja. Mwantumu anacheka na kulia kwa pamoja. Mbona hukuniambia, mama? Ningekwambia, ungekesha na wewe, na mapambo ya watu angeyafanya nani? Hapo ndipo linapomjia, lote kwa mara moja. Anasimama, anamgeukia yule wa kanzu na kupiga kelele: Ni pua! Nyumba ni pua yangu, na jirani ni mama! Kiongozi anaanza kucheka, kanzu inatikisika, mahali pa uso wake panajikunja, poda inatimka na kufunika mji na watu na mkono, na barabara inapinda kushoto, inapinda kushoto tena.

Dada Mwantumu. Dada Mwantumu, tumeamua nini? Feni ipo, kiti kipo, na mbele yake amesimama mtu mwenye kofia ya hospitali na barakoa, sindano mkononi, sauti inatoka sijui wapi. Mwantumu anarudi nyuma mpaka kiti kinalia. Shusha barakoa, Dakta, anasema. Nini? Shusha kwanza, nikuone. Dakta Mchomvu anaishusha, uso upo, ndevu zipo, na anatabasamu kama mtu aliyezoea visa vya wateja, lakini hilo nalo halimtoshi, maana ndoto ikitaka kumpa mtu uso inashindwa nini? Futa hii dawa, anasema Mwantumu. Nipangie kisu. Tundu la kushoto ndilo la kwanza, lifunguke, kunyoosha kufuate. Daktari anamtazama. Dada, uko macho kweli? Hilo sijui, anasema, ila ninachokitaka nakijua. Anafutwa, anaandikiwa Jumatatu, anatoka mpaka barazani na pua iliyokufa ganzi, anaigusa kuhakikisha kama ipo, na vidole vinaihisi lakini yenyewe haivihisi. Anapiga simu Muheza. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, wameshakuchoma hiyo sindano yao? Bado. Mama, nikuulize kitu usinikasirikie. Kila asubuhi ukinipapasa, mkono wako unatafuta nini? Bi Mize anauliza, kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hajawahi kuisikia: Nani kakwambia?

Mwantumu anajifinya mkono. Unauma, lakini na kule alikotoka kulikuwa kunauma. Kama hii nayo ni ndoto, anaona afadhali aseme kabla haijamkatikia. Sindano nimeiacha, anasema. Jumatatu wananilaza, watanifungua njia ya hewa, na pua itabadilika kidogo, mama. Bi Mize haulizi itakuwaje. Anasikika akipumua tu, pumzi ndefu, ya mtu mzima aliyechoka. Haya, mama yangu, anasema mwishowe. Ukirudi, nitandikie na mimi hapo pembeni yako. Tutalala wote.