Sauti ya Hakimu

Kiharusi kilimwachia Hakimu macho tu. Mikono ilikufa, miguu ikafa, ulimi ukabaki mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Kilichomrudishia usemi ni kompyuta aliyofungiwa mbele ya kitanda na binti yake. Nyumbani binti huyo aliitwa Fundi kwa sababu kutengeneza kompyuta ndiyo kazi yake, na kwa sababu baba yake alikuwa akilitamka neno hilo kwa dharau tangu siku binti alipokataa kusomea sheria.

Kamera ndogo juu ya skrini ilifuata macho ya mzee. Alipoikazia herufi, iliandikwa. Sentensi ikikamilika, sauti nzito ya kiume ilitoka kwenye spika na kuisoma.

Kazi alikuwa amestaafu, kuhukumu hakustaafu. Asubuhi sauti ilisema, "Shuka imekunjamana. Hata shuka inakushinda." Mama, mkewe, aliinyoosha. Wageni wakija kumjulia hali, sauti iliwaambia, "Huyu nilimuoa kwa haraka." Wageni walicheka kidogo, wakitazama sakafu. Na Fundi akiinama kukaza waya, alisikia juu ya kichwa chake, "Kaka yako ni wakili. Wewe unafuta vumbi kwenye mashine za watu."

Ikafika wakati programu ya kusema ikaanza kukwama. Toleo jipya lilikuwepo, ila lilitaka mfumo mpya wa kompyuta, na mfumo huo haukukubali kuwashwa na butiloda ya zamani. Hiyo butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya zote mashine inapowashwa, kisha kuziamsha nyingine. Ikiharibika, unabaki na boksi jeusi lisiloitika. Fundi alimweleza baba yake hayo yote.

"Ukiiharibu?" sauti iliuliza.

"Sitaiharibu, Baba."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu ndoa yako."

Fundi akaanza kazi. Kwanza alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, akafungua mafaili kadhaa kuhakikisha kwamba nakala ni nzima. Akatengeneza flashi ya uokoaji ambayo ingeweza kuiwasha kompyuta hata kama ndani kungevurugika. Akaijaribu butiloda mpya kutoka kwenye flashi hiyo, bila kuigusa ya zamani, na mashine ikaamka vizuri. Ya zamani hakuifuta. Aliihifadhi kando ili aweze kuirudia. Alitazama kama betri imejaa na waya wa umeme umeshika barabara, kwa sababu umeme ukikatika butiloda inapoandikwa, ndipo watu wanapolia. Baada ya hapo ndipo alipobonyeza. Mstari ulijaa polepole kwenye skrini. Akaweka na mfumo mpya, akaweka na programu ya kusema, akazima, akawasha, akazima tena. Kila kitu kilifanya kazi.

"Tayari," alisema, akanyoosha kidole kuiwasha kwa mara ya mwisho.

"Acha kwanza," Mama alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha muda wote huo, na Fundi alikuwa amemsahau.

"Niache nini, Mama?"

"Usiiwashe. Niache leo nipumue."

Macho ya Hakimu yalikimbia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Yalikuwa makavu na wazi kabisa, na Fundi aliyaona. Aliikumbuka ndoa yake iliyovunjika, iliyotupwa mbele yake kama ganda la ndizi. Akaondoa kidole.

"Siku moja tu," alisema.

"Kaka yako akipiga simu, mwambie imegoma."

Siku hiyo ilikuwa tamu, asikudanganye mtu. Mama alikula chakula chake kikiwa bado moto, akafungua mapazia ambayo mumewe hakutaka yafunguliwe. Kisha akavuta kiti hadi kitandani. "Leo nasema mimi," alimwambia mumewe, akaanza tangu mwanzo: kazi ya ushonaji aliyomkataza, dada yake aliyemfukuza mlangoni, wanawake aliowaleta hadi sebuleni. Aliongea taratibu, akimpangusa mate. Fundi alisikiliza kutoka jikoni na moyo wake ukafurahi.

Siku moja ikawa kesho, na kesho ikawa wiki ijayo. Kila Fundi alipopita kutoka kazini na kusema, "Mama, tuiwashe sasa," Mama alijibu, "Una haraka gani?" Kwenye simu Kaka alifoka, "Si ulisema unaijua kazi yako?" Fundi akakubali kwamba hajui.

Kisha akaja akakuta midomo ya baba yake imebabuka, na ndani ya mdomo malengelenge yamepasuka.

"Mama, umempa nini?"

"Supu. Nilimuuliza kama ni ya moto." Mama alikuwa akikunja taulo. "Hakujibu."

Alisema bila kucheka, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Hakumbishia. Siku hiyo Kaka naye alikuwa amesafiri kuja kumwona mzee, na alikuwa sebuleni anavua viatu. Fundi akaiwasha kompyuta. Iliamka mara moja, bila kusita, kama alivyoitengeneza.

"Maji," sauti ilisema.

Kaka aliingia na soksi tu miguuni. "Kumbe inafanya kazi? Tangu lini?"

Kisha akaona midomo ya baba yake, akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nani aliizima hii? Niambie mimi."

Fundi alisubiri. Baba yake alikuwepo, alisikia kila neno, na kama kuna jambo moja alilojivunia maisha yake yote, ni kwamba hakuwahi kutoa hukumu ya uongo. Macho ya mzee yaliinuka. Hayakwenda kwenye herufi. Yalikwenda kwa Mama, aliyekuwa ameshika kikombe cha maji na kijiko, akingoja zamu yake. Mama alimtazama kwa upole. Yalikaa hapo kwa muda. Kisha yakarudi kwenye skrini, yakaanza kuchagua.

"Fundi," sauti ilisema. Baada ya kitambo ikaongeza, "Mama yenu alinililia kila siku."

Mama alimwinua mumewe kichwa na kumnywesha, kijiko kwa kijiko, akipuliza maji ambayo hayakuwa na moto wowote.

"Mama," Fundi alisema. "Mwambie."

"Nimwambie nini, mwanangu? Mimi kompyuta nazijulia wapi?"

Kaka alimshika dada yake mkono juu ya kiwiko na kumtoa hadi getini bila viatu, kisha akamrushia viatu. Alimwambia kwamba akimwona tena katika nyumba hiyo atamfungulia kesi, na kwamba kesi hiyo ataisimamia mwenyewe. Fundi alijieleza. Kaka akamuuliza kama anamwita baba yao mwongo.

Hakurudi tena. Majirani walimpasha habari kwamba Hakimu amebadilika, siku hizi ana maneno matamu mno kwa mkewe, na wageni wanatoka pale wakipangusa machozi.

Mara moja Mama alimpigia simu. Hakuuliza hali. Fundi alisikia pumzi yake, kisha nyuma yake ile sauti nzito: "Mke wangu ni mwema. Sijui ningefanya nini bila yeye."

"Umesikia?" Mama aliuliza.

"Nimesikia."

"Subiri." Simu ilisogezwa karibu na spika. "Sema tena," Mama alimwambia mumewe. "Taratibu, mtoto asikie vizuri."

Macho yakatafuta herufi moja baada ya nyingine, kisha sauti ikasema tena.