Milango Minane ya Gikonyo

Jumatano moja ya Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, inveta ya nyumbani kwa Gikonyo huko Kawangware iliacha kupokea umeme kutoka kwenye paneli za sola paani. Jua lilikuwa kali na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Kwenye kioo cha inveta alama ya paneli ilizimika, ikabaki ya betri peke yake. Kufikia saa nane betri ilikuwa imelia mara tatu, na Wakarima, mke wa Gikonyo, akaacha kupiga pasi.

Fundi wa kwanza alibadilisha swichi. Wa pili alibadilisha nyaya zote kuanzia paa hadi sebuleni. Inveta haikujali. Siku ya Ijumaa Kinyanjui, aliyekuwa msimamizi wa ploti, alisema kuna mwanamke Sarang'ombe, upande wa Kibera, ambaye hutengeneza vitu vilivyowashinda wengine. Gikonyo akasema aitwe.

Joan Musimbi alifika Jumamosi saa tatu na nusu, akiwa na mkoba wa vyombo begani na glavu mbili nzito za mpira. Ploti aliijua, jengo hakulijua. Alipoondoka hapo miaka mitatu nyuma palikuwa na vyumba vya mabati vilivyopangwa mistari miwili, bomba moja katikati, na mfereji uliofurika kila mvua ikinyesha. Sasa palikuwa na ghorofa nne za mawe, na Gikonyo mwenyewe aliishi ya juu kabisa.

Gikonyo ndiye aliyemfungulia. Alimwangalia usoni, kisha akaangalia mkoba.

"Karibu fundi. Hiyo mashine iko hapo ukutani."

Kwa miaka mitatu Musimbi alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mzee huyu siku atakapomtambua. Hakuwa amepanga lolote kwa siku ambayo asingemtambua. Akaweka mkoba chini, akatoa mita.

Mambo yalikuwa hivi. Gikonyo alipotaka kujenga, aliwaambia wapangaji wahame kabla ya mwisho wa Juni. Wengi walihama. Vyumba vinane vilibaki, kila kimoja na sababu yake. Julai ilipoingia na baridi yake, Ijumaa moja asubuhi, Gikonyo alikuja na Kinyanjui na nyundo, wakang'oa milango minane na kuipakia kwenye mkokoteni. Musimbi alimfuata mpaka barabarani. Alimwambia, "Mzee, nipe wiki mbili tu. Mtoto anakohoa." Gikonyo alimjibu bila kupandisha sauti: "Mlango ni wangu. Mtoto ni wako."

Musimbi alitundika blanketi mahali pa mlango. Kwa kuwa blanketi lilikuwa moja, kitanda kilibaki na shuka. Mtoto aliitwa Lavender, wa miaka minne. Alikufa Jumanne.

Baada ya mazishi Musimbi alihamia Sarang'ombe, akajifunza kazi ya umeme kwa Murunga, fundi wa kwao Kakamega aliyekuwa na kibanda karibu na mtaa wa Ayany. Alijifunza haraka kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufikiria, isipokuwa hilo moja.

Sasa alipima pale nyaya za paneli zinapoingia kwenye inveta. Sufuri. Akapima kwenye swichi kubwa. Sufuri. Hapo akajua inveta haina kosa, haiwezi kula isichopewa. Akaizima swichi, kwa kuwa waya za paneli nane zilizofungwa kwa mfululizo zinaweza kumuua mtu, akapanda paani na Kinyanjui nyuma yake.

Paneli zilikuwa safi. Viungo vya nyaya havikuwa vimeungua. Alipima paneli ya kwanza peke yake: sufuri. Ya pili: sufuri.

"Shika huku, tuinue," alimwambia Kinyanjui.

Walifungua nati zake, wakaiinua paneli ya kwanza kimo cha goti. Mita ikasoma volti arobaini na moja. Wakailaza ilipokuwa, ikarudi sufuri. Wakaiinua tena, arobaini na moja. Musimbi akainama kuangalia imelazwa juu ya nini.

Ilikuwa imelazwa juu ya mlango. Mchomeleaji alikuwa ametaka vyuma vya kutengeneza fremu, Kinyanjui alieleza, lakini mzee alisema stoo imejaa milango na paneli ina kipimo kilekile cha mlango. Kwa hivyo walipanga milango minane juu ya matofali, bawaba zake na makomeo yake bado zikiwepo, na juu ya kila mlango wakafunga paneli moja.

"Tangu Jumatano inapiga kelele kidogo," Kinyanjui alisema. "Huu wa sita hukohoa. Mimi huusikia nikija kuangalia tangi."

Musimbi alikwenda kwenye mlango wa sita. Ulikuwa umepakwa rangi ya samawati, mpaka pale rangi ilipoisha, robo tatu ya njia. Ni yeye aliyeipaka. Alisikiliza. Kikohozi kilikuja mara tatu, kikapumzika, kikaja mara moja. Alikijua kikohozi hicho kama anavyojua jina lake.

"Nenda uniletee waya wa kufungia," alimwambia Kinyanjui, naye akashuka.

Alifungua nati za paneli, akaisogeza kando, akavuta komeo na kuinua mlango.

Chini yake kulikuwa na chumba chao, na kitanda na beseni na jiko la mafuta ya taa. Kulikuwa na balbu inayowaka, ingawa chumba hicho hakikuwahi kuwa na stima. Umeme wa paneli ulikuwa umeingia humo. Lavender alikuwa ameketi kitandani na sweta yake ya shule.

"Umekula?" Musimbi aliuliza.

"Nimekula. Mama, taa imekuja."

"Naiona."

Musimbi alilala kifudifudi kwenye zege, akanyoosha mkono ndani mpaka begani. Kitanda kilikuwa mbali kuliko kilivyoonekana. Alihisi baridi tu kwenye vidole, ile ya Julai, yenye unyevu. Akanyoosha tena. Mtoto alimwangalia akijaribu.

"Mama, funga mlango. Baridi inaingia."

Huku juu kulikuwa na joto la kukausha nguo kwa nusu saa. Musimbi hakubishana naye. Alifunga mlango polepole, akasukuma komeo, akairudisha paneli mahali pake na kukaza nati zote nne. Alikaa hapo mpaka kikohozi kiliponyamaza.

Kinyanjui aliporudi na waya, walisogeza paneli zile nyingine saba na kufungua milango iliyokuwa chini yake. Vyumba vilikuwa vitupu. Mwanzia, Akoth, Kavindu na wapangaji wengine walikuwa wameondoka wakiwa hai, wakabeba vitu vyao vyote, wakaacha baridi peke yake. Kila mlango ulipofunguliwa baridi ilipanda, ikatambaa juu ya zege kama maji yaliyomwagika, ikaingia kwenye ngazi na kushuka nyumbani kwa Gikonyo. Musimbi alifunga milango hiyo kwa waya ili ibaki wazi, akazungusha kila waya mara tano kwa koleo, akazirudisha paneli juu yake zikiwa zimeinama. Alipima. Sufuri.

Sebuleni, Wakarima alikuwa ameshavaa sweta.

"Paneli ni nzima," Musimbi alimwambia Gikonyo. "Inveta ni nzima. Shida ni milango. Kila mlango unapeleka stima kwa chumba chake."

Gikonyo alifikiri. "Na tukitoa milango tuweke chuma?"

Musimbi alikuwa ameliwaza swali hilo akishuka ngazi. Fremu ya chuma ingemaliza shida yote kwa nusu siku. Halafu milango ingeshushwa, ipasuliwe kuni.

"Itarudi palepale," alisema. Hakuwahi kumdanganya mteja kabla ya siku hiyo, na aliona kuwa si kazi ngumu. "Dawa ni moja, mzee. Rudisha milango kwa wenyewe. Majina ni haya."

Alimpa karatasi. Gikonyo alivaa miwani, akasoma majina yote manane, kutoka juu hadi chini.

"Hawa walihama wenyewe."

"Walihama baada ya kung'olewa milango."

"Milango ni yangu," Gikonyo alisema. "Mbao nilinunua mimi. Bawaba nilinunua mimi." Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. Pumzi yake ilikuwa inaonekana. "Na hii baridi?"

"Nimeacha saba wazi. Lazima ipumue. Wa sita usiguswe na mtu yeyote. Ukiguswa, sitarudi hapa, na hakuna fundi mwingine atakayekusaidia."

"Sawa. Na wewe unaitwa nani, nikikutafuta?"

"Joan."

"Joan nani?"

"Joan Musimbi."

Jina hilo lilikuwa la sita kwenye karatasi aliyoshika. Gikonyo aliikunja karatasi, akamrudishia.

"Haya, Joan. Asante."

Gikonyo alirudi kutumia stima ya kawaida kama majirani. Baridi haikuondoka. Machi ilipita na joto lake, wapangaji wa ghorofa za chini wakilala madirisha wazi, huku Gikonyo akila chakula cha mchana na kabuti. Mchungaji alipokuja kuwaombea aliomba kwa kifupi, mikono ikiwa mfukoni. Mburu, mwana wao, aliacha kuleta watoto Jumapili, akasema nyumba ya baba haiwafai. Hakuna aliyesema jambo hilo ni la ajabu. Walisema zege huwa hivyo.

Mwezi wa nne Kinyanjui alimpigia Musimbi kuuliza habari ya swichi, na katika maongezi akataja kwamba Wakarima anakohoa.

"Kikavu?" Musimbi aliuliza.

"Kikavu. Usiku wote."

Wakarima hakuwahi kumkosea. Alikuwa mke wa Gikonyo tu. Musimbi alilijua hilo. Siku hiyo alipika chapati, akawapelekea majirani wa pande zote mbili, na Murunga alipouliza kuna sherehe gani alisema hakuna.

Mwezi wa tano simu iliita tena. Mzee alikuwa amenunua ploti nyingine Riruta, ya vyumba vya mabati, na alitaka kujenga. Alikuwa ameng'oa milango kumi na minne.

"Anasema hii ni mipya, haina shida," Kinyanjui alisema. "Anataka kuongeza paneli juu yake. Ameniambia nikuite wewe, kwa sababu unaijua nyumba."

"Watu wametoka?"

"Wengi. Wamebaki wamama wawili na watoto."

Musimbi aliuliza vyumba vyao ni vipi. Jioni hiyo yeye na Murunga walikwenda Riruta na turubai, misumari na blanketi nne, wakafunika nafasi mbili za milango kadiri walivyoweza. Turubai lilipiga kelele upepo ulipovuma, na baridi ikapita kando kando. Mmoja wa wale akina mama alisema alikuwa amekwenda kwa chifu na kwa polisi. Kote aliulizwa kama mlango ni wake.

Jumatatu Musimbi alipanda tena paani Kawangware. Kikohozi cha mlango wa sita kilikuwa kimetulia. Alikaa karibu nao kidogo, kisha akainuka kuipokea milango kumi na minne, mmoja mmoja, kadiri Kinyanjui na wapagazi wawili walivyoileta kutoka kwenye ngazi. Ilikuwa mizito. Mmoja ulikuwa na kibandiko cha mwanasesere chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto anayeanza kusimama.

"Tuipange wapi?" Kinyanjui aliuliza akifuta jasho. "Nafasi iko kubwa huku kwa tangi."

Musimbi alizunguka paa lote akihesabu hatua.

"Chumba cha kulala cha mzee na mkewe kiko upande gani?" aliuliza.

Kinyanjui alimwonyesha.

"Basi ni hapo," alisema, akavaa glavu.