Jiko Lililoshuka kwa Jirani

Tangu asubuhi Mélanie hakuwa na kazi nyingine ila kuchungulia ukuta. Anaonja mboga yake ya sombe, anachungulia. Anafagia, anachungulia. Ufa ulikuwa umefunguka kwenye ukuta wa chumba, ule ulioshikana na jiko, na fundi Ezéchiel alikuwa amebandika kibonge cha plasta juu yake. «Maman, hii njo mushahidi,» alimwambia. «Ikipasuka, ujue nyumba inatembea.» Haya, niambieni, nani atapika akatulia ndani ya nyumba inayoweza kutembea?

Watoto alikwisha kuwapeleka kwa dada yake. Nyumba ndiyo haikuwa na pa kupelekwa, nayo ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo duniani.

Ubaya ulianzia kwenye mpaka. Juu huku Kadutu, mtaa wa mlimani, viwanja vimepandana, paa la huyu liko miguuni pa yule, na ardhi inagombewa kwa kiganja. Patrice, mume wa Mélanie, aligombana mwaka mzima na Gaston, jirani wa chini. Kwa kuogopa kuibiwa kiganja kimoja, Patrice akajenga jiko la mawe pembeni kabisa, pale ardhi inapokatika. Gaston naye, kwa ukaidi uleule, akataka fondasio yake, msingi wa ukuta wake mpya, iguse mpaka wenyewe. Wanaume wawili wazima, wenye ndevu zao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema ufanyeje ikiwa anayeupanua ni jirani yako.

Ezéchiel, fundi wa Gaston, alikuwa ametoa onyo mapema. Kwenye mteremko kama huu, alisema, afadhali semele za moja-moja, nyayo za msingi zilizoachana: unachimba shimo hapa, unajaza mawe, kisha unachimba pale. Gaston akakataa. Alitaka semele ya kufuatana, mstari mmoja mrefu chini ya ukuta wote, ili kusibaki hata kiganja cha kugombewa. Fundi akakubali, ila mtaro uchimbwe kipande kwa kipande, na kila kipande kijazwe kabla ya kufungua kingine. Kisha akaenda kijijini Katana kumzika shangazi yake. Alipokuwa msibani, vibarua, waliotaka kumaliza upesi, wakauchimba wote kwa siku moja, toka kona hadi kona. Aliporudi alikuta udongo mwekundu unaobeba nyumba ya Mélanie umesimama uchi, hauna cha kuegemea; ndipo alipopanda kwa Mélanie kubandika ile plasta.

Mchana mawingu yakapanda upande wa Panzi, meusi, yakisogea polepole. Mélanie akaingia chumbani kuangalia tena. Plasta ilikuwa imepasuka. Mstari mwembamba, kama unywele, lakini ulikuwepo.

Alijaribu simu ya Patrice, aliyekuwa ameenda Kamanyola na lori. Haikupatikana. Kabla ya kuondoka Patrice alikuwa ameacha neno moja tu: mtu wa nyumba yake asimsalimie Gaston. Mélanie akatoka hadi ukingoni akaita hivyo hivyo.

«Papa Gaston. Ile kitu imepasuka.»

Gaston hakubisha. Uso wake ulikuwa umepauka. Ezéchiel alishuka mtaroni, akagusa udongo, akatazama mbingu. «Mvua ikikuta hii mutaro wazi, nyumba yote itashuka humu,» alisema. «Tujaze leo.»

«Tujaze na nini?» Gaston akauliza. «Mawe iko kule chini kwa barabara. Bamama ba kuibeba watafika nayo kesho.»

Macho ya Ezéchiel yalipanda hadi kwenye jiko, yakashuka haraka. Mélanie aliyaona.

«Sema,» akamwambia.

«Maman, ile jiko njo inasukuma ukingo. Na iko mawe ya muzuri.»

Kila jiwe la jiko lile Patrice alilileta mwenyewe kutoka kijiji cha Miti, safari baada ya safari, na alikuwa akiwaonyesha wageni kabla hawajapewa kiti. Mélanie aliogopa mvua, lakini alimwogopa Patrice zaidi, na aliona haya kwa kuogopa hivyo. Ngurumo ikapita juu ya ziwa lililo chini ya mji.

Akaingia jikoni, akatoa sufuria ya sombe ingali moto, akaiweka chini ya mti wa avoka. Kisha akapanda juu ya kiti, akaanza kung'oa bati.

Vibarua walibomoa, Mélanie akapokea, akainama ukingoni, akampa Gaston mkononi. Mwaka mzima hawakuwa wamepeana hata salamu, leo wakapeana jiko zima. Chini, Ezéchiel aliyapanga mawe kwa sima ya saruji, akiyabana na udongo ule mwekundu, na kila alipofunga kipande Mélanie alipata pumzi kidogo. Matone ya kwanza yalipoanguka, mtaro ulikuwa umejaa toka kona hadi kona.

Mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Mélanie alikaa chumbani, mkono juu ya plasta, akimwomba Bikira Maria na kumlaani kila mwanaume aliyewahi kupima kiwanja. Unywele haukupanuka.

Siku ya pili Patrice akarudi na njaa yake. Alikuta nyumba imesimama, na nyuma yake mahali peupe penye majivu yaliyolowa. Alipochungulia ukingoni aliyaona mawe yake, yamelala ndani ya fondasio ya Gaston, mengine bado yana masizi.

«Mélanie!» aliita. «Nani amevunja jiko yangu?»

Sauti ya mke wake ilitoka chini, verandani kwa Gaston, ambako moshi wa makaa ulikuwa unapanda.

«Ni mimi. Njo inashika nyumba yako sasa. Chakula iko huku, shuka.» Akafunika sufuria. «Na ukifika, kwanza umusalimie Papa Gaston.»

Patrice aliutafuta mpaka kwa macho pale ukingoni. Hakuuona. Akavua viatu, kwa kuwa njia ilikuwa tope, akaanza kushuka.