Nyuzi Zilizovaa Koti

Kati ya Kitale na Bungoma hakuna mwanamke aliyempita Chepkirui kwa kupiga gitaa la besi. Wanawake wapiga besi kati ya Kitale na Bungoma, tuseme ukweli, walikuwa wawili, na yule mwingine aliolewa Eldoret. Lakini sifa ni sifa, na Chepkirui aliivaa kama kitambaa cha Jumapili mpaka akafika miaka sitini na minane.

Jumatatu moja alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya Harnam mjini Kitale, akichagua nyuzi. Harnam aliuza redio, pampu za maji, vipuri vya cherehani na tarumbeta za makanisa, na nyuzi za gitaa alizitundika ukutani nyuma yake, karibu na kalenda. Nehemiah, mume wa Chepkirui, alikuwa ameketi nje mlangoni juu ya kreti la soda, akitazama wapita njia. Alikuwa mzima. Mwezi wa pili alikuwa amekufa, lakini sasa alikuwa mzima, na shida yote ilikuwa nyuzi.

"Si nilikuuzia zingine juzi tu, Mama Jerono?" Harnam akauliza.

"Wiki tatu. Zimekufa."

"Na mzee?"

"Bado. Ndiyo maana unaniona hapa mapema hivi."

Harnam akachungulia nje. Midomo ya Nehemiah ilikuwa imeanza kugeuka zambarau.

"Wengine nyuzi zangu zinawakalia miezi mitatu," akasema Harnam. "Wewe una jasho gani?"

"Hao wengine wanapiga Jumapili, bana. Mimi napiga lisaa lizima asubuhi na lisaa lizima jioni, kila siku. Nikiruka, huyu anaanguka."

Mambo yalianzia Bungoma. Mzee na mkewe walikuwa wamekwenda Kibabii kumwona binti yao Jerono, na Chepkirui akabeba gitaa kwa sababu kulikuwa na harambee ya kanisa. Wakinywa chai, Nehemiah akashika kifua. Wakamkimbiza hospitalini, wakakuta foleni. Chumba cha mashine ya moyo kilikuwa na kufuli. Waheshimiwa walikuwa wameshakikatia utepe mara mbili na keki ikaliwa, ila mashine yenyewe ilikuwa bado iko njiani. Nehemiah alingoja tangu asubuhi. Saa nane na robo moyo wake ukasimama, akiwa wa thelathini na moja kwenye foleni.

Chepkirui hakujua afanye nini na mikono yake. Akatoa gitaa kwenye begi, akaliegemeza kifuani mwa mumewe, akapiga uzi ule mnene kuliko yote. Akangoja kidogo, akaupiga tena. Kwenye pigo la nne Nehemiah akafungua macho, akauliza kama chai ilibaki. Watu kwenye foleni waliendelea kushika nafasi zao. Wa thelathini na mbili tu ndiye aliyeuliza kama ile nafasi ya mbele sasa iko wazi au haiko.

Daktari, jina lake Hillary, alimsikiliza kifua akaandika kwenye kadi: *Besi, mara mbili kwa siku. Arudi kila mwezi.*

Jerono alijaribu kumpokea mama yake kazi hiyo. Moyo ukaukataa mkono wake, vile ng'ombe huficha maziwa akikamwa na mgeni. Ikabaki kazi ya mtu mmoja.

Harnam akaweka pakiti mbili juu ya kaunta.

"Hizi ni nyuzi zimevaa koti," akasema. "Uzi wa besi umezungushiwa waya, si unajua? Jasho linaingia katikati ya waya, uchafu unakaa huko, sauti inakufa. Hii koti inafunga hizo nafasi zote. Sasa hii ya kwanza koti yake ni nyembamba. Sauti kali kabisa, miezi mitatu. Hii nyingine ni nzito. Itakaa hata miezi minane, lakini sauti ni kama mtu anaongea ndani ya blanketi."

"Nipe ya blanketi. Mimi natafuta mume, sitafuti kwaya."

"Halafu sikiliza. Nyinyi watu wa besi nawajua. Uzi ukichoka mnachemsha kwa sufuria na sabuni ya unga, mnapata wiki moja ya bure. Za mwisho ulichemsha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Hii usichemshe. Ukichemsha, koti inatoka yote siku hiyo hiyo, na imeisha."

"Nimesikia."

Nehemiah pia alisikia, kutoka kwenye kreti lake. Tangu afe, masikio yake yalikuwa makali sana.

Zile nyuzi nzito zilimbadilisha. Kwa nyuzi za kawaida alikuwa mtu wa kutembea mbio, wa kugombana na jirani kuhusu mpaka, na alikuwa ametangaza kwamba atasimama uenyekiti wa josho la ng'ombe. Kwa nyuzi za koti akawa mpole. Alipukuchua mahindi pole pole. Alimwomba mbwa msamaha kwa jambo la mwaka juzi. Chepkirui alifurahi kidogo, akasema moyoni kwamba kama angejua, angemnunulia hizi tangu walipooana.

Stima ikipotea na spika ikazimika, aliegemeza gitaa mgongoni mwa mzee, mbao ikagusa mbavu, akaendelea. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuzi hazikuchoka. Kilichochoka kilikuwa vidole. Mkono wa kulia ulivimba kwenye viungo mpaka pete ikakatwa kwa msumeno. Mwezi wa tano vidole vikakataa kumega ugali. Chepkirui akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuwa Mzungu," akasema.

Nehemiah hakucheka. Alikwenda akachukua kijiko chake, akarudi akala naye hivyo hivyo.

"Mama Jerono," akasema, "ukipumzika siku moja tu?"

"Nikipumzika siku moja, mazishi yako yatanipikisha wiki nzima. Hesabu mwenyewe kazi ni ipi."

Mwezi huo walikwenda kliniki Bungoma kama kawaida. Ukutani kulikuwa na tangazo jipya, limeandikwa kwa kalamu nene: WAGONJWA WA MOYO WAJE NA VYOMBO VYAO. Mama mmoja wa Misikhu alikuwa amepakata ngoma ya kanisa, mumewe amelaza kichwa juu yake. Mzee mmoja wa Cheptais alikuwa na cherehani, na kila akiacha kukanyaga pedali mkewe alifumba macho. Chumba cha mashine kilikuwa na kufuli ile ile na utepe mpya, safari hii wa kijani.

Zamu yao ilipofika, Chepkirui aliweka mkono wake wa kulia mezani mbele ya Hillary.

"Daktari, mkono umeisha. Nisaidie."

Hillary akautazama. Alikuwa kijana mwema, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Mama, faili ni ya mzee. Huu mkono hauna faili."

"Na mashine?"

"Iko njiani."

"Inakuja kwa miguu?"

"Iko njiani, mama." Akasikiliza kifua cha Nehemiah, akasikiliza na gitaa, akaandika. "Lakini nyuzi ulichagua vizuri sana. Tutawaambia na wengine wanunue hizo."

Jioni hiyo, baada ya kupiga, Chepkirui alikwenda zizini. Aliketi kwenye kigoda, akaingiza mkono wa kulia chini ya kiwele cha ng'ombe, mahali penye joto, akalia bila sauti. Alilia muda mrefu. Nehemiah alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa mabanzi na ndoo ya maji, akarudi nayo bila kuingia.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Chepkirui aligusa uzi mnene asubuhi, ukalia kama mtu amepiga gunia la magunzi. Akageuza gitaa mwangani. Koti lilikuwa limebanduka uzi mzima, linaning'inia vipande vipande kama utando wa maziwa. Zilikuwa zimebakiza miezi mitatu.

Nehemiah alikuwa amekaa kitini, rangi ya jivu, anatazama dirishani.

Chepkirui akalirudisha gitaa gotini. Alipiga vile vile, kwa nguvu, masaa mawili badala ya moja, mpaka damu ikaonekana kwenye kidole na midomo ya mzee ikapata wekundu kidogo. Halafu akazifungua nyuzi zile, akazikunja kwenye gazeti, akaenda Kitale peke yake.

Harnam alipitisha uzi chini ya pua.

"Sabuni ya unga," akasema. "Hizi zimechemshwa, mama."

"Nani azichemshe? Nyumbani tuko wawili tu."

Mkono wake ukasimama juu ya lile gazeti. Harnam akageuka, akaanza kupanga pampu za maji ambazo zilikuwa zimepangwa. Kisha akashusha pakiti ya mwisho ya zile nzito, akaiweka kwenye kaunta.

Alipofika nyumbani alimkuta Nehemiah jikoni. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Jerono, na viatu amevipiga rangi. Kwenye meza, mbele yake, alikuwa ameweka kitambulisho chake na kadi ya kliniki, vimelala sambamba. Jasho lilikuwa linamtoka, na mikono yake ilikuwa baridi.

Chepkirui akaegemeza gitaa kwenye goti.

"Baba Jerono, nani alichemsha nyuzi?"

"Itakuwa ni jua," akasema Nehemiah. "Jua la siku hizi si la kawaida."

"Jua linatumia sabuni?"

"Mimi unaniuliza mambo ya jikoni? Miaka arobaini na mmoja kwa hii nyumba, hata sufuria sijui zinakaa wapi."

Jambo hilo kijiji kizima kingelishuhudia. Chepkirui akaitikia kwa kichwa. Akararua pakiti kwa meno, maana vidole vilikataa, akaanza kuuvuta uzi mnene kwenye gitaa, polepole, ulimi nje kidogo kama mtu anayetunga uzi sindanoni.

"Sawa," akasema bila kuinua macho. "Basi nipashie maji nikande huu mkono kwanza. Unauma vibaya. Tumia ile sufuria ndogo."

Nehemiah akautazama mkono. Akainuka haraka kuliko moyo wake ulivyoruhusu, akapita mtungi, akapita kabati, akainama nyuma ya gunia la mkaa bila hata kuangalia, akatoka na ile ndogo, yenye mshikio uliokatika. Akasimama nayo katikati ya jikoni.