Kisiki Kando ya Kisima cha Nne

Mti haupandwi karibu na visima vya mfereji. Hata mtoto wa kijijini kwetu anajua: mfereji uko chini ya ardhi, unaleta maji kutoka mlimani, visima ni mashimo ya kuushukia, na mzizi ukishayanusa hauna adabu. Mimi, mke wa fundi wa mfereji, nilipanda mche wa mtini kando ya kisima cha nne. Nilichoka kumsubiri mume wangu, Rajabali, juani kila aliposhuka.

Rajabali alipouona alicheka. "Mama Sakine, unataka kunizika na kivuli juu? Ung'oe huo, mpaka mizizi."

Niliukata tu. Kisiki nikakifukia, nikamwambia nimeng'oa. Kwa miaka minne, kila machipukizi yalipotokeza niliyavunja nikampa mbuzi.

Kiangazi kilichofuata maji yalipungua, mikomamanga ya kijiji kizima ikakunja majani. Lakini machipukizi yangu yalitoka mabichi, mapana kama kiganja, na niliyaogopa. Jirani yangu Kokab alimtazama mbuzi. "Huyu wako anakula wapi, dada? Wetu wanatafuna kamba."

"Kaka yangu ananiletea majani," nikasema.

Rajabali aliamini mchanga ndio umeporomoka ukaziba mfereji. Angeshukia kisima cha tano, upande mkavu, achimbe kuelekea juu, maji yanakotoka. Mchanga hupitisha maji polepole. Mizizi ni habari nyingine: hujisuka kama mkeka, maji yakajaa nyuma yake. Niliyajua hayo yote, na aibu ikanifunga mdomo.

Asubuhi alivaa nguo nyeupe, zile ambazo kila fundi huvaa ili akifia chini zimtoshe kuwa sanda. Nilimfunga vifungo.

"Mbona mikono baridi?"

"Nimetoka kuosha vyombo."

Pale kisimani, ndugu yake Nasrollah ndiye aliyezungusha gurudumu la kamba. Ndoo ya kwanza ilileta tope. Ya pili ilijaa vijizizi vyekundu, vyembamba kama nywele, vikichuruzika maji.

"Hii ni mizizi ya mtini," Nasrollah akasema. "Hapa mtini umetoka wapi, shemeji?"

"Ni wangu. Mtoe. Mtoe sasa hivi."

Aliinama akaita. Rajabali akajibu kitu. Maneno sikuyashika, niliisikia sauti tu, ya mtu aliyeudhika kukatizwa kazi. Kisha ardhi ikanguruma chini ya nyayo zangu. Kamba ilivutika ghafla, ikalegea.

Kule bustanini watu walikuwa wanashangilia. Kokab alikuja mbio, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani, ameshika ndoo iliyojaa maji. "Fundi wako ameweza, dada. Yanakuja kwa nguvu, machafu kidogo tu."

Tulimpata siku ya tatu. Nguo zilimtosha.

Mikomamanga ilizaa sana mwaka ule. Wanakijiji waliniletea vikapu viwili vya kwanza, kwa heshima ya marehemu. Nilimpa mbuzi.