Kilichoanguka Chini

Ziblim alipoiona kombaini, mashine ya kuvunia, ikikata kona kuingia bondeni, alitema kokwa ya kola aliyokuwa akitafuna na kumshukuru Mungu. Wiki tatu nzima alikuwa akipiga simu mjini Tamale kuiomba, huku harmatani, upepo mkavu wa jangwani, ikimpukutishia mpunga mchana kutwa. Shukrani zilimkauka mdomoni dereva alipofungua kitambaa cha vumbi usoni. Alikuwa Sanatu, mjane wa kaka yake.

"Wewe?"

"Mimi, shemeji. Za siku nyingi?"

Miaka minne Sanatu aliusubiri uso ule uliopigwa na butwaa, na sasa aliutazama mpaka akaridhika. Bonde lile ni yeye aliyelifyeka, yeye na marehemu mumewe, nyasi mabegani na ruba miguuni. Hata arobaini haijaisha, Ziblim akaja na karatasi za mradi wa kilimo cha kisasa: mbegu mpya, mbolea, mashine. Mradi unataka mwenye shamba, akasema, na mwanamke hawezi kuwa mwenye shamba. Sanatu alilia mbele ya wazee, na Ziblim, mtu mzima na ndevu zake, akacheka.

"Kuanzia leo, wewe na wajane wenzako mtakula kitakachoanguka chini," alisema kwa sauti ya kufika kisimani. "Kikianguka, chenu. Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Sanatu akaenda Tamale. Aliosha mashine za watu mpaka kucha zikameguka, akajifunza kuziendesha, wanaume wakamcheka, akawaacha wacheke.

"Teremka," Ziblim alisema. "Nitaomba dereva mwingine."

"Omba. Zamu yako itarudi mwezi ujao. Mpaka hapo upepo utakuwa umekuvunia bure."

Ziblim aliutazama mpunga, akatazama mbingu. "Haya, ingia. Ukinichezea nitakusema kwa tajiri wako!"

Mpunga mkavu namna ile unataka feni ya mashine izunguke taratibu, ipeperushe makapi tu. Sanatu alilijua hilo kama jina lake. Alijua pia kwamba tajiri akigundua, atarudi kuosha mashine au kufukuzwa kabisa. Mkono wake ukasita. Kisha akamwona Ziblim, kanzu nyeupe, amesimama juu ya tuta ambalo mumewe alilijenga kwa jembe. Akaiongezea feni kasi mpaka mwisho.

Nyuma ya mashine, punje nzima zikaruka pamoja na mabua. Fuseina, mkubwa wa wajane, alikuwa pembeni na ufagio na ungo wake kama kila mwaka. Mwaka jana aliambulia konzi moja ya mpunga. Safari hii aliinama, akagusa, akapiga yowe.

"Jamani! Njooni! Leteni mikeka!"

Nusu ya shamba ilipokwisha, magunia yalikuwa tisa, na Ziblim alitegemea arobaini. Alikuja mbio, kanzu ameikunja kiunoni.

"Mashine inamwaga! Na nyie wanawake, tokeni! Huo mpunga wangu!"

Sanatu akazima injini ili kila mtu asikie. "Uko wapi mpunga wako, shemeji?"

"Huo hapo chini! Huoni?"

"Nauona, uko chini. Hebu nikumbushe, uliapa kwa kaburi la nani vile?"



"La baba yake," Fuseina akamjibia. "Nilikuwepo."

Kiapo kile hakuna anayekivunja akalala salama, naye Ziblim alijua. Lakini macho yalimtoka kwa ule mpunga, akachutama, akaanza kuzoa kwa viganja, akitia kwenye kanzu.

"Heee! Alhaji anaokota masazo!" mjane mmoja akapasuka kwa kicheko. "Tangu lini mwanamume akaokota?"

"Mwacheni, maskini," Fuseina akasema. "Pengine naye kafiwa na mume."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Sanatu hakucheka. Raha ile ilikuwa tamu mno, wallahi, alitaka kuila polepole.

"Shemeji yangu," Ziblim alisema kutoka chini, sauti imekwisha. "Nakuomba."

"Imebaki nusu. Nikuvunie, au niuachie upepo? Kwa vyovyote utaanguka chini."

Sanatu akawasha injini.

"Basi sogea nipite, usije ukakanyagwa," alisema, na feni hakuipunguza.