Inchi ya Upande wa Kushoto

Fundi hakosei kipimo. Mteja akijibana tumbo, yeye humwambia, "Shusha pumzi, mama, nguo haidanganywi." Ila siku ile, mbele ya daktari, alitamani daftari lake la vipimo liteketee.

Mdogo wake, waliyezoea kumwita Cheko kwa kucheka ovyo, alikaa akimshikilia mtoto upande wa kulia. Ziwa la kushoto lilikuwa limevimba, limeiva, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa. Anayenyonyesha akivimba, kila mtu ni daktari: maziwa yameganda, jipu hilo, meza vidonge! Kumbe ni saratani. Majibu ya kinyama alichokatwa yalikuwa mezani.

"Hii ni ile kali, haitoi hata donge la kushika," daktari alisema. "Na tumetafuta vitu vitatu ambavyo dawa nyingi hulenga, haina hata kimoja. Tutaanza na dripu za dawa ya saratani, halafu upasuaji, halafu mionzi. Ilianza lini? Hii huenda mbio, kila wiki ina maana."

"Wiki tatu hivi," Cheko alijibu.

Masikini, hakujua. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa aliyeficha maradhi ya mwenzake, kitamuumbua nani? Fundi alifungua mkoba, akaliweka daftari mezani.

Gauni la bluu la Cheko, wiki kumi na moja nyuma: kifua, kushoto, ongeza nusu inchi. Wiki saba nyuma, gauni lilelile: ongeza inchi nzima.

Daktari alinakili tarehe. "Basi picha za mwili mzima tupige leo, tuone kama imesambaa." Hakumlaumu mtu. Afadhali angelaumu.

Cheko alisoma taratibu, hakucheka. "Dada, uliona?"

"Niliona, mdogo wangu. Nikadhani maziwa. Nikaona aibu kukuuliza."

"Ukaniongezea kitambaa."

"Nikakuongezea." Fundi alianza kulia palepale, bila kujali nani anatazama.

Cheko alimpa daktari mtoto amshikie. Akaivuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa dada yake, akamtia mkononi.

"Nipime. Na safari hii, useme."

Fundi alipima, akasahau namba, akaanza upya.

"Imeongezeka nusu inchi tena," alisema kwa sauti, na daktari, mtoto begani, akaandika.